Kosa na Kukosoa: Historia ya Usahihishaji katika Madarasa ya Kiswahili nchini Kenya

Utangulizi

Katika lugha ya Kiswahili neno "kosa" lina kazi mbili. Mwanafunzi aliyeandika "kitabu yangu" amefanya kosa. Mtu aliyeiba ng'ombe wa jirani naye amefanya kosa, na mahakamani atasomewa kosa lake. Hata hivyo kitenzi chenyewe, kukosa, kinaanzia mbali na hukumu. Mwindaji hukosa shabaha, msafiri hukosa gari, mgeni aliyechelewa hukosa chakula. Kukosa ni kutofikia. Kutokana na kitenzi hicho lugha imezaa kitenzi kingine, kukosoa, kwa njia ile ile inayozaa kuchomoa katika kuchoma na kufungua katika kufunga. Kwa umbo lake, basi, kukosoa ni kutengua kosa. Lakini katika matumizi ya siku hizi neno hilo limeelekea zaidi kwenye maana ya kutoa kasoro za mtu hadharani, na aliyekosolewa huhesabiwa kuwa ameshambuliwa.

Makala haya yanakusudia kufuatilia mabadiliko kama hayo katika chumba cha darasa. Swali lenyewe ni hili: ilikuwaje kosa la mwanafunzi wa lugha, ambalo ni kutofikia tu, likageuzwa kuwa hatia, na usahihishaji wake ukawa aina ya adhabu? Hoja itakayotetewa ni kwamba tabia ya kusahihisha kwa kuaibisha haikuletwa na Kiswahili, wala haitokani na ualimu wenyewe. Ilijengwa kwa hatua ambazo miaka yake yaweza kutajwa, na kwa sababu hiyo yaweza kuvunjwa.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa walimu wa Kiswahili. Kiswahili ni lugha ya taifa na, tangu Katiba ya mwaka 2010, ni lugha rasmi pia. Lakini kwa Wakenya walio wengi ni lugha ya pili au ya tatu. Mtoto anayechekwa anapofungua kinywa hujifunza kukifunga. Lugha ambayo wengi wanaogopa kuitamka mbele ya mwalimu haiwezi kuwaunganisha, hata kama sheria imeipa cheo gani.

Chuoni na Nyumbani

Kabla ya shule za misheni na za serikali, mtoto wa pwani alipelekwa chuoni. Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa Ujerumani mwaka 1903 chini ya uhariri wa Carl Velten, aliyatia masomo ya chuoni katika desturi za kumlea mtoto. Mara nyingi chuo hakikuwa jengo la peke yake. Kilikuwa baraza ya mwalimu, chumba cha nyumba yake, au pembe ya msikiti. Mtoto alianza na herufi zilizoandikwa juu ya ubao, akazisoma, akazifuta, akaandika nyingine, hata akaingia katika juzuu na mwishowe akaumaliza msahafu.

Isidaiwe kwamba chuo kilikuwa mahali pa upole mtupu. Bakora ilikuwapo, na methali isemayo "Mchelea mwana kulia hulia yeye" ilitosha kuitetea. Hata hivyo mpangilio wa chuo ulikuwa na sifa mbili zinazofaa kukumbukwa. Kwanza, haukuwa na madarasa yaliyopangwa kwa umri wala mtihani wa kushindania nafasi chache. Kila mtoto alisoma mahali alipofikia, na mwalimu alimsikiliza peke yake. Aliyekosea alitamkiwa, akafuatisha, akatamkiwa tena. Aliyechelewa alirudia, wala hapakuwa na orodha ya kutangaza kwamba ameshika mkia. Pili, mafanikio yalikuwa ya watu wote: mtoto aliyehitimu alifanyiwa sherehe na jamaa zake, na furaha hiyo ilimhusu mwalimu kama ilivyomhusu mzazi.

Mfano ulio wazi zaidi wa darasa lenye kukaribisha watu unatoka Lamu. Sharifu Swaleh bin Alawi Jamalilil, maarufu kwa jina la Habib Swaleh, alitoka Ngazija akafanya makao Lamu katika nusu ya pili ya karne ya 19. Mji huo ulikuwa wa matabaka: waungwana walijiona ndio wenye elimu ya dini, na watumwa, wazao wao, na wageni wa hali ya chini hawakutazamiwa kuipata elimu hiyo kwa ukamilifu. Habib Swaleh aliwafundisha hao hao. Aidha, aliiruhusu maulidi isomwe kwa sauti na kwa ngoma, jambo ambalo baadhi ya wakubwa wa mji walilipinga vikali. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 mafundisho yake yalipata makao katika msikiti wa Riyadha, na chuo kilichotokana nao kikavuta wanafunzi kutoka pembe nyingi za Afrika ya Mashariki. Fundisho la kihistoria hapa ni la utaratibu. Mtu ambaye hajakubaliwa kuingia darasani hawezi kusahihishwa. Kwa hiyo kumkaribisha mwanafunzi ndio mlango wa elimu yenyewe.

Nyumbani nako palikuwa na mafunzo. Msichana aliyevunja ungo alikabidhiwa mwanamke wa kumfunda, naye mwanamke huyo aliitwa somo au kungwi. Neno "somo" latumika pia kwa maana ya rafiki wa siri na kwa maana ya mafundisho yatolewayo darasani. Si bure kwamba lugha imeyaweka mambo haya katika neno moja. Somo alimwambia msichana mambo ambayo mtu mwingine angeyasema kwa aibu, lakini aliyasema faraghani, kama mtu wa upande wake.

Mchujo na Kibao

Ili ielezwe asili ya mazoea mengine, hapana budi kutazama Uingereza kwanza. Mwaka 1862 serikali ya nchi hiyo ilianza kutumia kanuni mpya za ruzuku, zilizohusishwa na Robert Lowe, ambazo zilifungamanisha fedha za shule na jinsi watoto walivyofaulu kusoma, kuandika na kuhesabu mbele ya mkaguzi. Kosa la mtoto likawa hasara ya shule. Kanuni hizo zililegezwa katika miaka ya 1890, lakini mazoea ya kukaririsha, kukagua na kuhofia kosa hayakutoweka siku moja. Wamisionari na maofisa waliofungua shule nchini Kenya mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 walitoka katika nchi yenye mazoea hayo.

Katika Uingereza hiyo hiyo, kwa upande wa Wales, shule kadhaa za karne ya 19 zilitumia kipande cha ubao kilichojulikana kama Welsh Not. Mtoto aliyesikika akisema Kiwelshi alivishwa kipande hicho shingoni, naye akakipitisha kwa mwenzake atakayesikika akifanya vivyo hivyo. Aliyekutwa nacho mwisho wa siku aliadhibiwa. Desturi ya namna hiyo ilijulikana pia Bretagne katika Ufaransa. Mbinu hiyo haikubuniwa kwa ajili ya Mwafrika. Ilikwisha kutumiwa dhidi ya watoto wa Ulaya ambao lugha yao haikutakiwa shuleni.

Nchini Kenya mbinu hiyo imeelezwa na watu wengi waliosoma wakati wa ukoloni. Maelezo yanayojulikana zaidi ni ya Ngũgĩ wa Thiong'o katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka 1986. Anasimulia jinsi, baada ya kutangazwa kwa hali ya hatari mwaka 1952, mtoto aliyesema Kikuyu katika mazingira ya shule alivyochapwa au kuvishwa kibao chenye maneno ya kumwita mjinga au punda, na jinsi alama ilivyopitishwa kutoka mkono hadi mkono ili wakosaji wajulikane. Kwa mtazamo wa ualimu, madhara ya kibao yalizidi maumivu ya bakora. Kilimfundisha mtoto kumsikiliza mwenzake ili amnase, si ili amwelewe. Darasa zima likawa jopo la wakaguzi. Zaidi ya hayo, kibao hakikumsahihisha mtu: hakikumwambia mtoto neno la Kiingereza alilolihitaji, kilimwambia tu kwamba amekosa. Katika shule nyingi zilizoendelea na desturi hiyo baada ya uhuru, Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizompatia mtoto kibao.

Pamoja na kibao ulikuja mchujo. Taarifa ya kamati iliyoongozwa na Leonard Beecher mwaka 1949 ilipendekeza elimu ya Waafrika ipangwe kwa ngazi za miaka minne minne, na mtihani uwekwe katika kila kivuko. Nafasi za juu zilikuwa chache mno kuliko watoto. Katika mpango wa namna hiyo kazi ya mtihani haikuwa kumwonyesha mtoto alipofikia. Kazi yake ilikuwa kupata sababu ya kumwacha nje, na kosa likawa ndiyo sababu iliyo rahisi kuhesabika. Mwalimu aliyetaka kuwasaidia wanafunzi wake wavuke alilazimika kuyatazama maandishi yao kwa jicho la yule atakayewachuja.

Usanifishaji na Mtoto wa Mvita

Kiswahili kilikuwa na historia yake katika jambo hili. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ulikubali kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi ya kusanifisha tahajia na sarufi na kupitisha vitabu vya shule. Faida za kazi hiyo zajulikana, na si nia ya makala haya kuzikana. Kitabu kimoja kiliweza kusomwa Kisumu na Dodoma.

Lakini usanifishaji ulizaa hali ya ajabu katika madarasa ya Mombasa. Mtoto aliyezaliwa Mji wa Kale, ambaye mama yake na nyanya yake hawakujua lugha nyingine, alisema "ndia", "ndaa", "mato" na "kuteka", akaambiwa kwamba Kiswahili ni "njia", "njaa", "macho" na "kucheka". Kwa kipimo cha daftari lake yeye mwenye lugha alikuwa mkosaji. Na hali ilizidi kuwa ya ajabu fasihi ilipostawi. Malenga wa Mvita ya Ahmad Nassir Juma Bhalo ilitoka mwaka 1971. Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, iliyotungwa gerezani, ilitoka mwaka 1973 na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi. Diwani zote mbili zimejengwa juu ya Kimvita. Hivyo umbo lile lile lililosifiwa katika somo la ushairi asubuhi liliweza kukatwa kwa kalamu nyekundu katika insha ya mchana.

Hakuna anayedai kwamba mwanafunzi asifundishwe Kiswahili sanifu. Linalodaiwa ni kwamba mwalimu ajue anachokisahihisha. Kumwambia mtoto wa Mvita kwamba "ndia" ni kosa ni kumwambia uongo juu ya lugha yake. Kumwambia kwamba "ndia" ni umbo la Kimvita, lenye heshima katika utungo, na kwamba katika barua rasmi huandikwa "njia", ni kumwongezea elimu bila kumpokonya kitu. Maneno ya pili hayachukui muda mrefu kupita ya kwanza.

Kutoka 1957 hadi 1985

Tume ya Kifalme ya Afrika Mashariki ya miaka ya 1953 hadi 1955 iliona kwamba kuwafundisha Kiswahili kama lugha ya pili watoto walioanza masomo kwa lugha nyingine za Kiafrika kulikuwa upotevu wa muda na juhudi. Mwaka 1957 majaribio ya kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza yakaanza katika shule za watoto wa Kiasia jijini Nairobi, na baadaye yakaenea kwa jina la New Primary Approach. Kwa upande wa mbinu, mpango huo ulikuwa na mengi ya kusifiwa: watoto walikaa kwa vikundi, walitumia picha na vitu vya kushika, na mwalimu aliwazungukia badala ya kusimama mbele tu. Msiba ni kwamba semina, vitabu na fedha za mpango huo vilielekezwa kwa Kiingereza. Darasa la furaha likaanza kuhusishwa na lugha hiyo.

Tume ya Ominde ya mwaka 1964 iliunga mkono Kiingereza kama lugha ya kufundishia na kutaka Kiswahili kifundishwe kama somo. Lakini somo lisilotahiniwa katika nchi ya mchujo halikuwa na nguvu. Kamati ya Gachathi mwaka 1976 ilipendekeza Kiswahili kiwe cha lazima na kitahiniwe. Baada ya taarifa ya tume ya Mackay ya mwaka 1981 mfumo wa 8-4-4 uliingia mwaka 1985, na mwaka huo huo Kiswahili kikatahiniwa kwa mara ya kwanza katika KCPE kikiwa na karatasi ya lugha na karatasi ya insha.

Wapenzi wa Kiswahili waliupokea mwaka huo kwa shangwe, nao walikuwa na haki. Hata hivyo kiliingia kwa mlango wa mtihani, na mtihani una tabia zake. Walimu wengi walioambiwa wafundishe somo hilo hawakuwa wameandaliwa kwa kazi hiyo, na mtu asiye na hakika ya lugha hushikilia zaidi makosa anayoyatambua upesi: tahajia, herufi kubwa, upatanisho wa kisarufi. Maana ya insha, mpangilio wa mawazo na uzuri wa tamathali ni mambo yanayohitaji msomaji mwenye kujiamini. Ndivyo ilivyotokea kwamba katika shule nyingi mwanafunzi alirudishiwa insha iliyojaa mistari myekundu, pamoja na alama chini na neno moja la hukumu, bila sentensi hata moja inayoonyesha kwamba mtu alikuwa amesoma alichokisema.

Bakora Yaondoka, Maneno Yabaki

Kanuni za nidhamu shuleni za mwaka 1972 ziliruhusu adhabu ya viboko, lakini kwa masharti: iwe kwa makosa mazito, baada ya uchunguzi, chini ya mamlaka ya mwalimu mkuu, mbele ya shahidi, na wanafunzi wengine wasiwepo. Kushindwa kupatanisha kivumishi na nomino hakukuwa miongoni mwa makosa hayo. Hata hivyo taarifa ya Human Rights Watch ya mwaka 1999 ilionyesha kwamba viboko vilichapwa na walimu wa kawaida, mbele ya darasa, na mara nyingine kwa sababu ya jibu lisilo sahihi tu. Katika chumba cha darasa zile maana mbili za "kosa" zilikuwa zimekwisha kuungana.

Mwaka 2001 idhini ya viboko ilifutwa, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikakataza adhabu za kudhalilisha, za mwili na za kisaikolojia pia. Neno la mwisho ndilo linalowahusu walimu wa lugha kuliko wote. Sheria yaweza kuiondoa bakora mkononi, lakini ulimi wa mwalimu hauwezi kufungiwa kabatini. Mwanafunzi wa Nyanza aliyesema "samba" badala ya "shamba", au wa Nyeri aliyesema "kura" kwa maana ya "kula", akaigizwa lafudhi na mwalimu wake hata darasa likacheka, hakupigwa. Amenyamazishwa vile vile.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kufanyiwa majaribio mwaka 2017 na kuenezwa katika madarasa ya mwanzo mwaka 2019, umejaribu kubadilisha msamiati wenyewe wa hukumu. Katika vitabu vya mwongozo wa Kiswahili mwanafunzi husemwa kuwa anazidisha matarajio, anafikisha matarajio, anakaribia matarajio, au yuko mbali na matarajio. KCPE nayo ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Istilahi hizo zinafaa kutazamwa kwa makini. Zinarudisha maana ya kwanza ya kukosa, yaani kutofikia, na zinachukulia kwamba mwanafunzi yuko njiani. Aliye njiani hukaribia, na neno hilo lina shina moja na "karibu" tunayowaambia wageni mlangoni. Lakini istilahi peke yake haitoshi. Mwalimu anaweza kutangaza "uko mbali na matarajio" kwa sauti ile ile ambayo wa kabla yake alisema "umeshika mkia".

Kosa Kama Ushahidi

Elimu ya isimu ya karne iliyopita iliwapa walimu sababu ya kitaaluma ya kubadilika. Mwaka 1967 S. Pit Corder alieleza kwamba makosa ya mwenye kujifunza lugha si takataka. Ni ushahidi wa kanuni ambazo amekwisha kujijengea. Miaka kumi baadaye, mwaka 1977, Mina Shaughnessy alichapisha uchunguzi wake wa maandishi ya wanafunzi walioingia chuo kikuu cha mji wa New York baada ya milango yake kufunguliwa kwa watu wengi zaidi mwaka 1970. Alionyesha kwamba maandishi yaliyoonekana kama vurugu yalikuwa na mantiki, mradi msomaji awe tayari kuitafuta.

Kwa Kiswahili cha Kenya jambo hili ni dhahiri. Mwanafunzi anayeandika "anapendaga" ameleta kiambishi cha mazoea kinachopatikana katika lugha kadhaa za Kibantu za nchi hii. Anayesema "kitabu yangu" anafuata sarufi ya mazungumzo ya mjini, ambayo imepunguza ngeli. Na ichukuliwe, kwa mfano, sentensi kama hii: "Kitabu yangu ilipotea njiani, nikaanza kukitafuta kila mahali." Mwalimu mmoja atazungushia duara maneno mawili, aandike "Sarufi mbovu!" na kuendelea. Mwingine ataona kwamba katika "kukitafuta" mwanafunzi ametumia kiwakilishi kilicho sahihi kabisa. Ataandika pembeni: "Umesema vyema 'kukitafuta'. Itazame hiyo 'ki', kisha urudi mwanzo wa sentensi uone maneno mawili yanayoihitaji." Mwalimu huyo hakusamehe kosa. Amemwonyesha mwanafunzi kwamba kipimo cha kulitengua kimo katika maandishi yake mwenyewe.

Ndipo inapofaa kutofautisha kutia moyo na kusifu ovyo. Ellis Page, katika uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 1958, aliwatumia walimu 74 wa shule za sekondari. Baadhi ya wanafunzi walirudishiwa karatasi zenye alama tu, wengine zenye maneno ya kutia moyo yaliyopangwa mapema, na wengine zenye maoni ambayo mwalimu mwenyewe aliona yanamfaa kila mmoja. Katika mtihani uliofuata waliopata maoni waliwashinda waliopata alama tu, na matokeo bora yalikuwa ya wale walioandikiwa maoni yao binafsi. "Vizuri sana" iliyoandikwa chini ya kila karatasi haiwezi kufanya kazi hiyo, kwani humwambia mwanafunzi kwamba hakusomwa.

Pingamizi kubwa linalotolewa ni wingi wa wanafunzi, nalo si la kupuuzwa. Elimu ya msingi ilipofanywa ya bure mwaka 2003, idadi ya watoto shuleni ilipanda kutoka milioni 5.9 hivi hadi milioni 7.2 hivi kwa mwaka mmoja. Mwalimu mwenye daftari 80 mezani hana nafasi ya kuandika barua kwa kila mtoto. Lakini pingamizi hili linachukulia kwamba usahihishaji wa kuaibisha ni wa haraka zaidi, na sivyo. Kupiga mstari chini ya kila kosa ndiko kunakochosha. Hata miongozo ya kusahihishia insha za KCSE huagiza kwamba kosa la tahajia linaporudiwa lihesabiwe mara ya kwanza tu. Mwalimu anayechagua jambo moja lililofaulu na kosa moja linalojirudia, akaacha mengine yasubiri zamu yao, hupunguza kazi yake na humwachia mwanafunzi jambo analoweza kulikumbuka.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba desturi ya kuaibisha katika usahihishaji ilikuja kwa njia nne: mazoea ya ukaguzi yaliyotoka Uingereza, kibao kilichofanya lugha ya mtoto kuwa hatia, mchujo uliolifanya kosa kuwa sababu ya kumfungia mtu nje, na usanifishaji uliofundishwa bila kuelezwa. Yameonyesha pia kwamba chuoni Lamu na katika mafunzo ya somo palikuwa na urithi mwingine, nao unastahili kuchunguzwa na wanafunzi wa historia ya elimu kwa marefu zaidi kuliko ilivyowezekana hapa. Waswahili husema "Kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa." Lakini anayeambiwa tu kwamba amekosa, asiambiwe namna ya kutoka, hana budi kurudia.

Wanaopita katika idara za Kiswahili za vyuo vikuu ndio watakaosimama mbele ya madarasa ya sekondari, na mwalimu husahihisha kama alivyosahihishwa. Kozi moja ya mbinu za kufundishia haitashinda miaka minne ya kurudishiwa kazi zenye alama na mstari mwekundu. Kwa hiyo mageuzi haya hayawezi kuachiwa wizara wala walimu wa shule za msingi. Pa kuanzia ni katika tasnifu, insha na mazoezi yanayosahihishwa na wahadhiri wenyewe, ambako kila anayeandika pembeni mwa ukurasa anachagua, ajue asijue, kulitangaza kosa au kulikosoa kwa maana yake ya asili.